Moja kwa Penseli

Machi ilianza kwa mvua, mechi ya kwanza ikafutwa,
tukarudi nyumbani na chupa ya chai haijafunguliwa.
Baba hakurudi. Alibaki uwanjani na reki yake,
akiteka maji ya kona ya pili kwa kopo la rangi,
kana kwamba mawingu ya Thornsea yangemwonea haya.

Daraja la pili, mwaka wa sabini na moja.
Siku nyingine uwanja ni wa mbwa;
Alhamisi ni wetu, Korongo wa Thornsea,
wanaume saba wenye kazi nyingine:
fundi bomba, mpaka rangi, mkata manyoya ya kondoo
aliyevuka dunia kutoka Australia,
na Neville Skipworth, muuza nyama,
ananukia soseji chini ya suti ya ngozi.

Sijui nikueleze vipi wewe usiyewahi kusimama pale.
Pikipiki haina breki. Gia ni moja.
Mguu wa kushoto umevishwa kiatu cha chuma,
na kona zote ni za kushoto, kushoto, kushoto tena,
huku gurudumu la mbele likitazama kulia
kama anayekubali kwa mdomo na kukataa kwa macho.
Mizunguko minne. Dakika moja na ushei.
Utepe ukifyatuka, hewa yote ni mafuta ya mbarika,
na vumbi jekundu latua kwenye chai, kwenye nywele, kwenye meno.
Wahenga walinena mwenda pole hajikwai.
Wahenga hawakulipia tiketi.

Kazi yangu ilikuwa programu na penseli.
Tatu, mbili, moja, sufuri.
Aprili niliandika sufuri hadi ukurasa ukawa trei ya mayai.
Mei tulishinda nyumbani mara mbili, Baba akanunua kofia.
Juni tulikwenda Cragmoor, tukafungwa, basi likaharibika,
tukalala vitini, nahodha akikoroma begani mwa fundi bomba.
Julai Neville akavunjika mtulinga.
Nilisikia kabla ya kuona: uzio wa mbao una kilio chake.
Mkewe, Glenys, hakupiga yowe.
Alikunja programu mara nne, akaitia mkobani,
akaenda kuliulizia gari la wagonjwa
kama mtu anayeulizia choo kiko wapi.

Agosti alikata nyama kwa mkono mmoja.
"Utarudi?" Baba alimuuliza, akingoja nusu kilo ya figo.
"Injini sijamaliza kuilipa,"
akajibu, akifunga kifurushi kwa meno.

Oktoba, Alhamisi ya mwisho. Thelathini na sita kwa thelathini na sita.
Mbio ya kumi na tatu. Ukungu umeshuka hadi kwenye taa.
Mgeni mmoja akaanguka kona ya kwanza, akatambaa hadi majanini;
mwenzake akachomoka, hakuonekana tena ila moshi.
Royce, yule mkata manyoya, wa pili. Neville wa tatu,
na pale kona ya mwisho mnyororo wake ukakatika.

Kimya kile.
Akashuka. Akasukuma.
Kiatu cha chuma kikikwaruza, bega bovu limeinama,
na watu mia sita na kitu
wamesahau kushangilia.
Baba peke yake alitembea sambamba naye, upande wa majani,
reki begani, hasemi, hasaidii,
maana kusaidia ni kosa.

Gurudumu likavuka mstari.

Thelathini na tisa kwa thelathini na tisa. Sare.
Hatukupanda popote. Tulimaliza wa pili kutoka mkiani,
na kesho yake mbwa walikimbia palepale
wakimfukuza sungura wa kitambaa.

Programu ninayo. Karatasi imekuwa njano.
Ile moja niliikandamiza mno, penseli ikatoboa,
ikatokea upande wa pili, kwenye tangazo la bucha:
Skipworth na Wanawe, nyama safi kila siku.
Imesimama hapo, juu ya bei ya soseji,
na bei haisomeki.